Kompyuta Mbili, Intaneti Moja: Nani Aliyeikata?

Wahenga walinena kwamba penye wengi pana mengi. Nyumba yenye kompyuta mbili zinazotumia intaneti moja haina budi kuyaona hayo mengi. Leo dada anafungua ukurasa na hauji, ilhali kaka anatazama mpira bila wasiwasi wowote. Kesho mambo yanageuka: kaka ndiye anayekodolea macho kioo kisichosema kitu, naye dada anaendelea na kazi yake. Kabla ya jua kutua, watu wawili waliokula ugali katika sahani moja hawasemezani. Huyu anadai mwenzake ameikata intaneti kwa makusudi, yule anadai mwenzake ameimaliza yote peke yake.

Jumapili hii ningependa tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana aghalabu wote wawili hawana hatia. Tena mwenye kompyuta mbili ana bahati ambayo mwenye moja hana. Mwenye moja, ikigoma, hana wa kumwuliza. Mwenye mbili ana shahidi. Ile inayofanya kazi itakueleza kosa la ile isiyofanya, maadamu uiulize kwa utaratibu.

Tuchukue mfano wa ploti moja katika kijiji cha Lindi, huko Kibera, Nairobi. Wasomaji wetu wa pwani wasidhani nazungumzia ule mji wa kusini mwa Tanzania. Lindi hii ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, jirani ya Mashimoni na Silanga. Tuseme chumba cha kwanza ni cha mama na binti yake aliyemaliza kidato cha nne, ambaye anangoja kuchagua kozi ya chuo kupitia KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo vikuu na vya kiufundi. Chumba cha pili, ukuta kwa ukuta, ni cha kaka yake mkubwa anayepata riziki kwa kuwajazia watu fomu: ombi la mkopo wa HELB, cheti cha mwenendo mwema, na taarifa za kodi za KRA ambazo mwisho wake ni tarehe 30 Juni kila mwaka. Wanalipia intaneti nusu kwa nusu. Binti ana kompyuta ndogo ya kupakata. Kaka ana ile kubwa ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Kwa dada, intaneti ikipotea siku ya mwisho wa maombi, huenda mwaka mzima ukapotea. Kwa kaka, ikipotea ni chakula cha jioni. Basi usishangae wakikaribia kushikana mashati.

Safari ya maji hadi mtungini

Kabla ya kuitafuta hitilafu, ijue njia. Hadi mwaka 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya kujikokota. Mwaka huo nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, na mwaka uliofuata ukaja waya wa EASSy. Baadaye kampuni kama vile Poa Internet zikaipeleka huduma ya bei nafuu katika mitaa kama Kibera na Kawangware, na huko huko Kibera ukajengwa mtandao wa jamii wa TunapandaNET kuunganisha shule na vituo vya vijana. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, wazazi wengi walitambua kwamba intaneti nyumbani si anasa tena.

Ifananishe safari hiyo na ya maji. Kuna ziwa, ambalo ni dunia yote ya tovuti. Kuna bomba kubwa la kampuni inayokuuzia huduma. Kuna mfereji wa ploti, ndicho kile kisanduku kinachomulika taa ambacho mafundi hukiita ruta. Halafu kuna mitungi miwili, ndizo kompyuta zenu. Maji yakikosekana mtungini, mtu mwenye busara hakimbilii ziwani. Anaanza na mtungi, kisha mfereji, kisha bomba.

Swali la kwanza: ni moja au zote mbili?

Kompyuta ya dada inapokwama, asibonyeze chochote kwanza. Abishe hodi kwa kaka na kuuliza kwa upole: "Kaka, kwako inafanya?" Jibu la swali hilo litamwondolea nusu ya kazi.

Ikiwa zote mbili zimekwama, acheni kompyuta zenu kabisa. Ni nadra sana kompyuta mbili kuugua dakika moja. Tatizo liko kwenye ruta, kwa kampuni, au mbele zaidi. Tazameni mambo manne kwa mpangilio huu. Je, ruta inapata stima, ama tokeni zimekwisha? Je, malipo ya mwezi yalifika? Someni ujumbe wa M-Pesa mlinganishe nambari ya akaunti, kwa sababu tarakimu moja ikikosewa pesa huenda zikamlipia mtu mwingine. Je, nyaya zote zimekaa sawasawa? Kama huduma inatoka kwenye antena iliyo juu ya paa, fuateni waya wake mpaka kwenye kile kipande kidogo kinachochomekwa ukutani, kwa maana ndicho kinachoipelekea antena umeme. Na kama mnatumia waya wa nuru, yaani faiba, tafuteni taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, nuru haikifikii kisanduku, na hapo hakuna mtakalofanya ila kuipigia kampuni.

Kisha izimeni ruta, ngojeni nusu dakika, iwasheni, mngoje dakika tatu nzima kabla ya kujaribu. Wengi huwasha na kuzima mara tano kwa pupa, ruta haijamaliza hata kuamka, wakasema imekufa.

Zipo nyakati ambapo kosa liko mbali mno. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini kusini mwa Afrika, na intaneti ya Kenya na Tanzania ikadorora. Siku hiyo hata fundi hodari kuliko wote wa Kibera asingekusaidia. Njia ya kujua ni kuwasha data ya simu ya kampuni nyingine. Nayo ikiyumba, tatizo si lenu.

Ikiwa ni kompyuta moja tu iliyokwama, basi furahini! Kampuni haina kosa, bomba lina maji, na mfereji unatiririka. Kosa liko kwenye kompyuta hiyo moja, au katika ile hatua chache kutoka kwake hadi kwenye ruta. Hapo ndipo shahidi wetu anapoanza kusema.

Badilisha kitu kimoja tu

Kanuni ya pili ni fupi: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu na intaneti ikarudi, hutajua ni kipi kilichoiponya, na ikipotea tena utaanza upya.

Kama kompyuta ya kaka inatumia waya, chukua waya wa ile nzima uuchomeke katika ile mbovu. Ikifanya kazi, umeshapata mhalifu: ni waya. Isipofanya, rudisha waya mahali pake, ujaribu tundu jingine kwenye ruta. Kama wote mnatumia waifai, ibebe kompyuta iliyokwama uiweke kando ya ruta. Ikipona hapo, ugonjwa wake ni umbali au ukuta.

Na ukuta wenyewe si jambo dogo katika mitaa yetu. Mawimbi ya waifai hupenya ubao na udongo bila taabu kubwa, lakini bati huyarudisha kama kioo kinavyorudisha mwanga. Ndiyo maana ruta iliyo chumba cha mama yaweza kuonekana vizuri na mtu aliyesimama nje mlangoni, na isionekane na kaka aliye mita tatu tu upande wa pili wa bati. Usiiweke ruta chini ya kitanda wala nyuma ya kabati la chuma. Itundike juu, karibu na mlango, dirisha, au pale penye mwanya kati ya ukuta na paa. Vyumba vikitenganishwa na bati, dawa ya kweli ni waya. Waya wa mtandao hufanya kazi hadi mita 100, na bei yake ni ndogo kuliko ugomvi wa mwaka mzima.

Hata hivyo nakuonya, msomaji. Usiufunge waya wa mtandao pamoja na waya wa stima, hasa zile nyaya zinazoning'inia kutoka paa hadi paa. Stima ikivuja kwenye bati, na waya wako umechubuka hapo, kitakachoingia chumbani si intaneti. Upitishe ndani ya paipu ya plastiki, mbali na stima. Na mvua ya radi ikija, chomoa antena ya paani kutoka ukutani mpaka itulie.

Tazama nambari ya nyumba

Tuseme waya ni mzima na ishara ya waifai imejaa, lakini ukurasa hauji. Hapa tunahitaji kujua jambo ambalo halionekani kwa macho. Kila kompyuta inapojiunga na ruta hupewa nambari, kama mpangaji anavyopewa nambari ya chumba. Ruta ndiye mwenye ploti: ndiye anayezigawa nambari, na huzigawa kwa muda maalumu, mkataba ukiisha unaandikwa upya.

Ili kuiona nambari hiyo katika kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Andika ipconfig na ubonyeze Enter tena. Tafuta mstari ulioandikwa "IPv4 Address". Fanya hivyo kwa kompyuta zote mbili na uandike majibu karatasini, moja kando ya nyingine. Kuna hali tatu utakazokutana nazo.

Hali ya kwanza: zote mbili zina nambari zinazoanza sawa, kwa mfano 192.168.1.5 na 192.168.1.8. Hiyo ni afya. Endelea na hatua inayofuata.

Hali ya pili: nzima ina 192.168.1.5, lakini mbovu inaanza na 169.254. Maana yake ni kwamba kompyuta hiyo ilibisha mlangoni kwa mwenye ploti, haikujibiwa, ikajibandikia nambari yake yenyewe. Ni kama mtu aliyejenga kibanda barabarani akakipa nambari ya nyumba, barua haitamfikia. Hapa andika ipconfig /release, bonyeza Enter, halafu ipconfig /renew. Ikishindikana, izime na kuiwasha ruta, kisha uangalie waya na neno la siri la waifai.

Hali ya tatu ndiyo mama wa ugomvi: zote mbili zina nambari ile ile! Hutokea pale mtu, pengine fundi wa zamani, alipoiandika nambari kwa mkono ndani ya kompyuta, na ruta kwa kutojua ikampa mwingine nambari hiyo hiyo. Hapo wapangaji wawili wanadai chumba kimoja. Dada akiwasha, kaka anakatika. Kaka akizima na kuwasha, dada naye anakatika. Wakiona hivyo kila mmoja ataapa kwamba mwenzake anamkata kwa makusudi, na ushahidi anao machoni! Kumbe hakuna aliyetenda kosa. Dawa yake ni kuingia katika mipangilio ya mtandao ya kompyuta ile iliyoandikwa kwa mkono na kuchagua ipewe nambari yenyewe, pale palipoandikwa "Automatic (DHCP)".

Linalofanana na hilo ni pale mtu anapoleta ruta ya pili ili ishara ifike mbali zaidi, akaiunganisha na ya kwanza kwa matundu yale yale ya kompyuta. Ploti moja sasa ina wenye ploti wawili, kila mmoja akigawa vyumba apendavyo. Ndani ya ruta ya pili, zima ile kazi ya kugawa nambari inayoitwa DHCP, na uipe ruta hiyo nambari yake tofauti na ya kwanza. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Piga hodi, usikilize karibu

Nambari zikiwa sawa, sasa tembea njia yote hatua kwa hatua. Neno la kutumia ni ping. Kazi yake ni kupiga hodi na kungoja karibu.

Anza na ruta. Katika yale majibu ya ipconfig kuna mstari wa "Default Gateway". Nambari iliyo hapo ndiyo ya ruta, mathalani 192.168.1.1. Andika ping 192.168.1.1. Ikija mistari minne inayosema "Reply from 192.168.1.1", ruta imeitikia. Ukiona "Request timed out", hakuna aliyeitikia. Nawe jihadhari: jibu lenye maneno "Destination host unreachable" si karibu hata kama linaanza na neno "Reply". Ni kompyuta yako mwenyewe inakuambia haioni njia.

Kisha toka nje ya ploti. Andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni nambari ya huduma ya Google iliyo wazi kwa watu wote tangu 2009. Ruta ikiitikia na hiyo isiitikie, tatizo liko baina ya ruta na dunia. Lakini kama kompyuta ya pili inaipata, rudi ukaitazame iliyokwama: huenda kuna programu ya ulinzi, au programu ya VPN iliyosahauliwa ikiwa imewashwa, inayoziba njia.

Mwisho, ita kwa jina. Andika ping google.com. Ikiwa 8.8.8.8 inaitikia na google.com haipatikani, basi intaneti yako ni nzima ila kitabu cha majina kimepotea. Kompyuta haziitani kwa majina. Kila jina hutafutiwa nambari katika kitabu kinachoitwa DNS. Nenda katika mipangilio ya mtandao uandike 8.8.8.8, au 1.1.1.1 ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2018, pale panapoulizwa DNS. Wengi hununua ruta mpya kwa sababu ya kosa hili ambalo dawa yake ni tarakimu nne.

Fauka ya hayo, jaribu tovuti zaidi ya moja. Siku ya mwisho ya kutuma maombi au kodi, yamkini tovuti hiyo yenyewe imelemewa na umati. Kama gazeti linafunguka na tovuti ya maombi haifunguki katika kompyuta zote mbili wala kwenye simu, acha kuihangaisha ruta. Jaribu tena usiku wa manane au alfajiri.

Saa iliyosimama

Sasa nikueleze ugonjwa ambao huwapata sana wenye kompyuta za mezani zilizotumika. Stima imepotea usiku kucha. Asubuhi imerudi, kompyuta ya kaka inawaka, nambari ni sawa, hodi zote zinaitikiwa, lakini kila tovuti anayofungua inamwambia kwamba si salama. Kompyuta ya dada haina shida. Kaka anadhani ameingiliwa na wezi wa mitandaoni.

Mwambie atazame tarehe kwenye pembe ya kioo. Pengine itasema ni mwezi Januari wa mwaka uliopita kitambo. Kila tovuti salama huonyesha cheti, nacho kina tarehe ya kuanza na ya kwisha, kama kitambulisho au leseni ya dereva. Kompyuta inayoamini kwamba tuko mwaka 2010 ikionyeshwa cheti cha mwaka huu itasema: "Hiki bado hakijaanza kutumika," na itakataa kufungua. Saa ya kompyuta hushikiliwa na betri ndogo ya duara mfano wa sarafu, iitwayo CR2032. Ikichoka, kila stima inapopotea saa inarudi nyuma. Sahihisha tarehe kwa mkono na kazi itaendelea saa hiyo hiyo. Kisha nunua betri hiyo kwa fundi wa saa au wa vifaa vya elektroniki. Chomoa kompyuta ukutani kabla ya kuifungua.

Si kukatika, ni kujaa

Hadi hapa tumezungumzia intaneti iliyokatika. Iliyo polepole ni kisa kingine, na hapa ndipo lawama ya "ameimaliza" inapozaliwa.

Tupige hesabu. Tuseme mnalipia kasi ya megabiti 5 kwa sekunde. Windows ya kaka imeamua, bila kumwuliza, kuteremsha marekebisho ya gigabaiti 1. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo hiyo ni kama megabiti 8,000. Gawanya kwa 5: sekunde 1,600, yaani dakika 27 za bomba lote bila kumwachia mwingine tone. Kaka hajafungua chochote. Amekaa anakunywa chai. Dada anajaza fomu na ukurasa haumalizi kuja. Nani mkosaji? Hakuna. Fungua mipangilio ya mtandao katika kila kompyuta uwashe "Metered connection", ili Windows isiteremshe mizigo mikubwa kabla ya kuambiwa. Halafu chagueni usiku mmoja kwa juma wa kuiruhusu. Usiku huo, katika sehemu ya "Delivery Optimization", chagueni kompyuta zigawane na zile za mtandao wa nyumbani pekee. Hapo kompyuta ya pili yaweza kuchukua sehemu kubwa ya mzigo kutoka kwa ya kwanza badala ya kuulipia tena.

Msizisahau simu. Simu ikirudi nyumbani jioni na kushika waifai, huanza kupeleka picha za siku nzima kwenye hifadhi ya mbali. Njia ya kupeleka huwa nyembamba kuliko ya kuleta, na ikijaa hata kuleta kunakwama, kwa sababu kila kinachokuja huhitaji jibu dogo la kurudi. Simamisheni upelekaji huo saa za kazi.

Kuna pia majirani. Ingieni ndani ya ruta kwa kuandika nambari yake kwenye programu ya kuvinjari, mtazame orodha ya vyombo vilivyounganishwa. Mkiwa na kompyuta mbili na simu tatu na orodha inaonyesha kumi na moja, msianze kuwahoji watoto wa jirani. Badilisheni neno la siri, liwe refu, na muwape wanaostahili tu. Ploti haitajua kulitokea nini, na salamu zitaendelea. Na kama mmekusudia kuwauzia wengine, someni kwanza mkataba wa kampuni, kwani nyingi hukataza. Kuuza huduma ya mawasiliano Kenya kunahitaji leseni. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu maalumu kwa mitandao ya jamii.

Akiba haiozi

Kwa nini wawili wanaweza kutumia mstari mmoja hata kidogo? Nambari za intaneti za mtindo wa zamani ni bilioni 4.3 hivi, ambazo hazitoshi kila chombo duniani. Ndipo zikatengwa rasmi nambari za matumizi ya nyumbani, zikiwemo zote zinazoanza na 192.168, ambazo kila ploti yaweza kuzitumia bila kugongana na nyingine. Ruta husimama mlangoni, ikaonyesha dunia nambari moja tu. Mwaka 1999 Windows 98 ya toleo la pili ilileta uwezo wa kompyuta moja kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya nyingine, kabla ruta hazijawa za bei ya kununulika. Leo simu iliyo mfukoni mwako hufanya vivyo hivyo.

Nayo ndiyo akiba yenu. Siku ya siku, intaneti ya ploti ikikatika kabisa, unganisha simu na kompyuta kwa waya wa kuchajia na uwashe "USB tethering". Waya haujali bati, na simu inaendelea kuchaji. Zuieni kwanza marekebisho ya Windows, la sivyo bando la siku nzima litakwisha kabla ya fomu kufunguka. Kujaza fomu hakuhitaji bando kubwa. Video ndiyo inayokula.

Lililo bora kuliko yote ni kutongoja siku ya mwisho. Binti wa mfano wetu amalize maombi yake siku tano kabla, ahifadhi ukurasa wa uthibitisho, na ainakili nambari ya ombi kwenye daftari la karatasi. Kaka naye awaambie wateja wake wa kodi waje tarehe 20, wasije tarehe 30 jioni.

Basi kateni kipande cha karatasi mkibandike ukutani kando ya ruta, mwandike: Je, ni moja au zote? Waya? Nambari? Hodi kwa ruta, hodi nje, hodi kwa jina? Tarehe? Nani anateremsha? Andikeni na nambari ya simu ya kampuni na ile ya akaunti yenu. Intaneti itakapokatika tena, na bila shaka itakatika, yule aliyekwama aanze na swali la kwanza, tena alitamke kama swali. "Kwako inafanya?" ni maneno mawili tu. Ni tofauti sana na "Umeikata tena?"

Hadi Jumapili ijayo, nakutakia juma lenye stima isiyopotea.